Kabla Lori Halijafika Kizuizini: Jinsi Sera za Kawi na Mazingira Zinavyotungwa, na Namna Mfanyabiashara wa Kitui na Makueni Anavyoweza Kusikika

Gunia la makaa linalotoka Mutomo hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni Nairobi. Kuna aliyekata mti, akapanga magogo na kuyafunika kwa nyasi na udongo. Akakesha siku kadhaa akiangalia rangi ya moshi, kwa sababu tundu moja lisipozibwa mapema, magogo yote hugeuka jivu na kazi ya wiki nzima hupotea. Kuna mpakiaji, dereva, mwenye ghala, na mwishowe mama anayepima makaa kwa mkebe kando ya barabara.

Januari 2018 mnyororo huo ulikatika kwa tangazo moja. Serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti. Muda mfupi baadaye lori lililobeba makaa lilichomwa moto Kanyonyoo, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu wakati huo, alipinga hadharani akisema wafanyabiashara wa kaunti yake wanaonewa. Kabla joto hilo halijapoa, tarehe 24 Februari 2018 serikali ya kitaifa ikasitisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Usitishaji huo ukaongezwa tena na tena hadi Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa Julai 2023.

Wengi wa waliokuwa kwenye mnyororo ule walijua sheria imebadilika walipoambiwa washuke garini. Makala hii inataka hilo lisijirudie. Amri inayotekelezwa kizuizini huwa imeandikwa mahali fulani, na mara nyingi ilipokuwa ikiandikwa palikuwa na kiti kilichotengwa kwa ajili ya mwananchi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Nani ana mamlaka gani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Serikali ya kitaifa hutunga sera ya kawi na kulinda mazingira na mali asili kwa jumla. Kaunti hutekeleza sera za kitaifa za mazingira, ikiwemo uhifadhi wa udongo, maji na misitu, na pia ina sehemu yake katika mipango ya kawi. Mfanyabiashara anayejua mgawanyo huu hupoteza muda kidogo, kwa maana anajua mlango wa kubisha.

Mambo ya miti na makaa yako kwa Shirika la Misitu nchini (KFS), likiongozwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Athari za mradi kwa mazingira hushughulikiwa na mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, iliyoundwa kwa Sheria ya Mazingira ya 1999. Umeme, petroli na gesi ya kupikia husimamiwa na mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019. Kaunti nayo hutoza ada, hutoa leseni za biashara na hutunga sheria zake kupitia bunge la kaunti.

Mipaka ya mamlaka hizi hugongana, na mara nyingi anayeumia ni mwenye bidhaa barabarani. Katiba, kifungu cha 209, inasema kaunti haiwezi kutumia uwezo wake wa kutoza kodi kwa namna inayodhuru sera za uchumi wa taifa au usafirishaji wa bidhaa kuvuka mipaka ya kaunti. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifanye bidii kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mvutano wa 2018 ulisimama katikati ya haki hizo. Mkulima wa Ikutha aliyeona kichaka chake kikigeuka jangwa alikuwa na hoja, na dereva aliyelipia shehena yake alikuwa na hoja vilevile.

Safari ya kanuni, hatua kwa hatua

Watu husema "serikali imeamua" kana kwamba uamuzi hushuka mara moja kama mvua ya mawe. Kwa kawaida kuna ngazi nne, na kila ngazi ina mlango wake wa maoni.

Ngazi ya kwanza ni sera. Hii ni karatasi inayoeleza serikali inataka nini, kwa mfano kupunguza matumizi ya kuni na makaa na kuongeza gesi na umeme wa jua. Sera yenyewe haimfungi mtu jela, lakini ndiyo mbegu ya yote yatakayofuata.

Ngazi ya pili ni sheria. Mswada wa kaunti huchapishwa, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwa kamati ya bunge la kaunti ambayo hukaribisha maoni ya umma kabla ya kusomwa mara ya pili na ya tatu. Ukipita, gavana hupewa siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha, na hauanzi kufanya kazi hadi uchapishwe katika gazeti rasmi la serikali. Hatua ya kamati ndiyo ya thamani kubwa kwa mfanyabiashara, kwa kuwa hapo ndipo maneno hubadilishwa.

Ngazi ya tatu ni kanuni. Sheria husema "lazima uwe na kibali". Kanuni husema kibali kinatoka wapi, kinagharimu kiasi gani na kinadumu siku ngapi. Kanuni za makaa za 2009, kwa mfano, zilitaka wachomaji wa kibiashara wajiunge na vyama vilivyosajiliwa, wawe na leseni, na kila shehena isafiri na kibali kinachoonyesha makaa yametoka wapi. Sheria ya Kanuni za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni ashauriane na watu watakaoguswa. Kanuni zikitarajiwa kuleta gharama kubwa kwa jamii, ni lazima aandae taarifa ya athari zake. Wafanyabiashara wachache huomba taarifa hiyo, ilhali ndiyo yenye hesabu zinazowahusu.

Ngazi ya nne ni ada. Kila mwaka kaunti hupitisha mswada wa fedha wenye orodha ya malipo: kwa lori la mchanga, kwa gunia, kwa kibanda, kwa leseni. Kwa mchuuzi mdogo, orodha hii huuma kuliko sera yoyote ya Nairobi.

Somo la mchanga wa Makueni

Nenda kwenye mto wa msimu wakati wa kiangazi, huko Kibwezi au Mbooni. Macho yataona njia pana ya mchanga mkavu tu. Lakini mama mwenye mtungi atapiga magoti, achimbe kwa kibuyu hadi kina cha mkono, kisha asubiri. Polepole maji yatajitokeza chini ya shimo, meupe kidogo mwanzoni, halafu safi. Robo ya ujazo wa mchanga ule, au zaidi, inaweza kuwa maji yaliyohifadhiwa mahali jua lisipofika. Ndiyo sababu jamii za Kitui na Makueni hujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mawe na saruji zinazokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake. Kazi hiyo hufanywa kwa mwethya, mikono ya kijiji kizima.

Mchanga huohuo ndio unaojenga maghorofa ya Nairobi. Barabara ya Mombasa inapita ndani ya Makueni, na lori linaweza kupakia alfajiri na kuwa jijini kabla ya adhuhuri. Mito ilichotwa hadi kwenye mwamba, visima vya mchanga vikakauka, na ugomvi kati ya wachotaji na wanakijiji ukamwaga damu.

Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaunda mamlaka maalumu ya kuisimamia na kumtaka anayechota kibiashara awe na leseni. Kwa wenye malori ilikuwa gharama mpya na masharti mapya. Kwa wakulima wa mboga kando ya mito ilikuwa nafasi ya kurudisha maji. Sheria moja ya mazingira iligusa biashara mbili kwa namna mbili tofauti. Anayesema "sera za mazingira huua biashara" husahau kwamba nyanya, maembe na mbuzi ni biashara pia, na zote hunywa maji.

Mwaka huohuo Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, ikawa kaunti ya kwanza nchini kufanya hivyo, na kuutengea asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo. Kamati za wakazi katika wadi hukaa na kuchagua miradi: bwawa la mchanga, bwawa la udongo, tangi la maji. Kitui ikafuata kwa mfuko wake. Pesa hizo hugeuka zabuni za saruji, mawe, usafiri na kazi za mikono. Fundi wa mawe anayehudhuria vikao vya kamati ya wadi hujua kazi inakuja kabla ya tangazo kubandikwa ukutani.

Mahali sera inapogusa mfuko wako

*Makaa na kuni.* Kabla ya kununua shehena, fika katika ofisi ya KFS iliyo karibu nawe uulize vibali vinavyohitajika kwa sasa, kwani masharti yamebadilika mara nyingi tangu 2018. Weka nakala ya kibali cha kila shehena. Anayefikiria mbele apande mukau. Mti huu wa kienyeji hustahimili ukame, mbao zake ni nzuri, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI) ina vituo Kitui na Kibwezi vinavyoushughulikia.

*Gesi ya kupikia.* Angalia jinsi uamuzi wa ushuru unavyosogeza biashara. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirudishwa kwenye gesi Julai 2021, ukashushwa hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha ukaondolewa Julai 2023. Gesi inapopanda, wateja hurudi kwenye makaa na miti ya Kitui hulipa. Anayetaka kuuza mitungi anahitaji leseni ya EPRA, na mtungi uliojazwa kinyemela ni hatari kwa maisha ya mteja.

*Petroli na dizeli.* EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15. Mwenye matatu, bodaboda au mashine ya kusaga apange ununuzi na nauli zake akijua tarehe hiyo.

*Umeme wa jua.* Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, anayezalisha umeme kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya uzalishaji ikiwa mtambo wake hauzidi megawati 1. Kinyozi wa Zombe au mwenye jokofu la maziwa Wote asizuiwe na hofu isiyo na msingi. Sheria hiyohiyo inazitaka kaunti ziandae mpango wa kawi, na Kitui na Makueni zimeandaa. Omba kuuona, uangalie kama eneo lako limepangiwa nyaya za gridi au mtambo mdogo wa jua, ndipo uamue kununua jenereta.

*Mifuko na vifungashio.* Marufuku ya mifuko ya plastiki ilichapishwa Februari 2017 ikaanza tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Waliotumia miezi ile sita kutafuta vifungashio vingine hawakupata hasara ya wale waliongoja Agosti. Wasukaji wa vyondo vya mkonge katika ukanda huu walikuwa tayari na bidhaa.

*Kiwanda, machimbo, kituo cha mafuta.* Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, uliza NEMA mradi wako uko katika kundi gani la hatari: dogo, la wastani au kubwa. Mradi wenye hatari kubwa huhitaji utafiti kamili wa athari na maoni ya majirani. Kuanza ujenzi bila leseni ni kujitafutia amri ya kubomoa.

Kalenda ya kubandika ukutani

Maoni mazuri yakichelewa hayana kazi. Shika tarehe hizi za sheria ya fedha za umma:

- Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka.
- Kufikia mwisho wa Septemba hivi, mswada wa fedha wenye ada na tozo hupaswa kuwa umepitishwa. Maoni yake hukusanywa kabla ya hapo.
- Kufikia tarehe 28 Februari, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa. Humo ndimo viwango vya matumizi ya kila idara hupangwa.
- Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti.
- Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha hufungwa.

Zaidi ya hayo kuna mpango wa miaka mitano wa kaunti. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na mradi ambao haumo katika mpango huo hupata shida kupata pesa. Makueni yenye wadi 30 na Kitui yenye wadi 40 hupeleka vikao hadi mashinani. Muulize msimamizi wa wadi tarehe, usingoje kipaza sauti kipite.

Namna ya kutoa maoni yanayobadilisha kitu

Vikao vingi huharibika kwa sababu watu huja kulalamika bila kutaja kifungu. "Ada ni kubwa mno, mtuhurumie" ni kilio cha kweli, lakini karani hana mahali pa kukiandika. Tuseme mswada unapendekeza shilingi 50 kwa kila gunia. Maoni yenye nguvu yangekuwa hivi:

"Sisi ni chama cha wauzaji wa makaa wenye wanachama 40. Kifungu cha 4 kinapendekeza ada ya shilingi 50 kwa gunia. Mwanachama wetu huuza magunia 20 kwa wiki, hivyo atalipa shilingi 1,000 kwa wiki. Faida yake kwa gunia ni shilingi 150, kwa hiyo theluthi moja itaondoka. Tunapendekeza shilingi 20, ilipwe mara moja mahali pa kupakia, na sehemu yake ipande miche katika wadi ilikotoka miti."

Barua hiyo ina mambo manne: nani anasema, kifungu kipi, hesabu, na pendekezo. Iandike kwa Kiswahili, saini, peleka nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio ushahidi wako siku utakapohitajika. Pia ni afadhali kuandika kwa jina la chama au ushirika. Sauti 40 zilizofungwa pamoja huvunjika kwa shida.

Usisahau kusema gharama ya kutofanya lolote. Mwenye lori akikiri kwamba mto umeisha mchanga na kupendekeza zamu za kupumzisha mito, kamati humsikiliza kuliko anayedai kwamba hakuna tatizo.

Ukiona umeonewa

Kwanza, omba karatasi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Uliza: amri hii imetokana na sheria gani, ilichapishwa lini, na kikao cha umma kilifanyika wapi? Ofisi ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, tumia haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti au Bunge la Kitaifa. Haihitaji wakili.

Tatu, kama suala ni leseni ya NEMA, kata rufaa kwa Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Migogoro ya leseni za kawi ina mahakama yake maalumu. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Njia hizi huzaa matunda. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, wa megawati 1,050, ulikuwa umepewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wakazi walikwenda katika mahakama hiyo maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Watu wa Bonde la Mui, Kitui, ambako makaa ya mawe yamekuwa yakizungumziwa kwa miaka mingi, wana sababu ya kuisoma hukumu ile. Mwekezaji naye ana sababu ya kuisoma: waliopuuza wavuvi wa Lamu walipoteza leseni, muda na pesa. Kushirikisha umma mapema ni nafuu kuliko kushindwa kortini baadaye.

Neno kwa msomaji

Miti ya Mutomo na mchanga wa Kibwezi havitangoja mpaka tumalize kulaumiana. Ukanda huu unahitaji sheria za mazingira zenye meno, na wenye kuishi kwa makaa, mchanga, gesi na mashine za kusaga wanahitaji sheria zilizoandikwa na mtu aliyewahi kuwasikiliza. Mambo hayo mawili hayapingani pale watu wanapofika kikaoni. Wiki hii, nenda kwa msimamizi wa wadi yako umwulize maswali matatu: kikao kijacho cha maoni ni lini, mswada gani uko mbele ya bunge la kaunti, na nakala yake inapatikana wapi. Ukishapata majibu, wapigie simu wenzako wa kazi moja, mkae chini ya mti mmoja, muandike barua moja.